Mbuzi Anatafuta Ngoma

3 Novemba

Mvua ya kwanza. Imeanguka juu ya bati kama gunia la misumari, na mimi nimefungua daftari hili kwa hasira. Mwalimu wa misheni alinichapa fimbo ili niandike Kiswahili cha kitabu. Mkono ulikubali, kinywa kilibaki hapa Likasi, mji wetu wa shaba. Atakayesoma avumilie.

Hasira yenyewe ni ya Elie. Leo amenitukana kwa heshima, na tusi la heshima linauma kuliko lile la kawaida.

Elie ni mtoto wa Casimir. Casimir ni rafiki yangu wa kiwanda cha Shituru. Tulizeeka pamoja juu ya mabafu ya asidi, akafa wakati wa baridi, bila kuniaga, kama kawaida yake. Mwezi wa pili, kabla ya Kwaresima, watu watakusanyika kwa lupango lake, uwanja wa nyumba yake, kumaliza kilio. Mjane atavua nguo nyeusi, watu watakula, watacheza. Na ngoma ya siku hiyo ni yangu. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, Casimir alikuwa wa ukoo wa Chui, sisi ni watani tangu babu za babu. Chui akifa, Mbuzi ndiye anapiga ngoma ya kumaliza kilio, na anamtukana marehemu mbele ya watu wote mpaka waliokuja kulia washike mbavu. Nani afurahi chui akifa, kama si mbuzi?

Sasa Elie, ambaye ni shemasi kwa kanisa la hema kule juu, ameingia hapa na viatu vinavyong'aa.

"Jambo yenu, papa."

"Jambo, mutoto wa Chui. Unakuya kuniibia nini?"

Hakucheka, akaendelea kunisemesha kwa wingi, wingi wa heshima. "Papa, kwa kilio ya baba, musisumbuke. Ekipe ya muziki ya kanisa itapiga. Juu ya mukono yenu..."

Akauangalia mkono wangu wa kushoto, uliolala mapajani kama paka.

"Mukono yangu inafanya nini?"

"Inakufa, papa."

"Inapumzika! Ilitumika kazi wakati weye haujazaliwa."

"Na mambo ya kutukana bantu balikufa, papa, siye tuliisha kuacha. Mutusamehe."

Akainama, akatoka, akafunga mlango polepole kabisa. Afadhali angeupiga.

4 Novemba

Nieleze mkono. Mwaka jana niliamka asubuhi nikaukuta kando yangu kama wa mgeni. Mguu ulirudi, kinywa kilirudi (Chérie, binti yangu, anasema kilirudi kupita kiasi), mkono ulikataa. Na ngoma yetu inataka miwili. Wa kulia unauliza, wa kushoto unajibu. Nikipiga na wa kulia peke yake, ni kama padri anayeimba misa bila watu.

Nimeapa kwa kaburi la Casimir, ambalo halijaota hata majani: nitapiga.

5 Novemba

Nimemwambia Chérie nitanunua mashini ya ngoma, ile ya vifungo, vijana wanayopigia harusi. Ameweka mwiko chini.

"Papa, hata redio munaizima na kofi."

"Njo vile inazimika, ao haizimike?"

Yenga, 9 Novemba

Baada ya misa ya Jumapili Chérie amenipa simu yake. Anasema mashini iko ndani, bure, hakuna haja ya kununua. Kweli, nimeona picha za ngoma ndogo kama vifuniko vya soda. Nimegusa. Kimya. Nimegusa tena. Chérie akigusa, inalia. Mimi nikigusa, kioo hakinitambui. Asidi ya kiwanda ilinikausha vidole vikawa ngozi ya mamba, na simu inadhani ni kipande cha mti kinachoigusa. Nimeigonga kwa pua. Pua inaitambua.

Siwezi kupiga kilio cha Casimir kwa pua, ingawa yeye angependa.

15 Novemba

Leo nimekwenda kwa Laure. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, anauza vyombo vilivyochoka kwa Wazungu: pasi, vinanda, mashini za kusaga nyama, vyote vimelala pamoja kama wagonjwa.

"Mama Laure, minatafuta ngoma ya umeme."

"Ya kanisa ao ya harusi?"

"Ya mbuzi."

"Muzee Dodo, minye niko na kazi, acheni michezo."

Lakini akanitolea tatu. Moja ndogo kama kikokotoo, tena uchi, mifupa yote nje. Ya pili kinanda chenye meno ya njano. Ya tatu sanduku kubwa jeusi lenye mito ya mpira ya kupiga kwa kidole.

Nikazipima kwa mkono. Huku kwetu mtoto kabla ya kujua baba yake anajua kuchagua jiwe: chukua mawili ya ukubwa mmoja, lile zito ndilo lenye shaba. Sanduku jeusi lilikuwa zito mpaka bega lilisema amen.

"Ninatwaa hii."

"Papa, haina jiwe ile, haina betri! Uzito ni chuma ya kukunywa courant, umeme ya waya, iko ndani pale kwa mugongo. Mutwae hii kidogo."

"Weye unauza ao unahubiri?"

"Ninauza."

"Basi uza."

Nimempa baiskeli yangu. Kwa mkono mmoja nilikuwa naendesha kuelekea mitaroni tu. Chérie amebeba sanduku mgongoni kama mtoto, na kila mama aliyepita amesimama kumpongeza.

16 Novemba

INALIA! Tumeichomeka kwa redio. Jirani amekuja kuuliza kama tunajenga.

17 Novemba

Nimepiga tangu asubuhi. Ina ngoma za kila nchi ila ya hapa. Hainisumbui, nitaikunja shingo.

22 Novemba

Dhoruba. Radi imepiga fasi fulani juu ya waya wa umeme unaotoka bwawa la Mwadingusha, na Shituru yote imekuwa shimo la giza. Bwawa liko hapo karibu, maji yamejaa mpaka yanamwagika, na mimi niko na sanduku zito kama dhambi lisilotoa hata chafya.

23 Novemba

Hakuna umeme.

24 Novemba

Hakuna.

26 Novemba

Hakuna. Nimeweka sufuria juu ya mashini ya ngoma. Inafaa.

29 Novemba

Elie amepita na mwavuli. Amesalimia kutoka njiani: "Jambo yenu, papa. Nilisikia mulinunua mashini." Nimemwambia iko inapika maharagi. Alikuwa karibu kucheka, nimeona shavu likiruka, akalishika. Baba yake asingelishika. Casimir alikuwa anacheka mpaka mkuu wa kazi anakuja kutuandika.

Lakini niseme wazi, umeme ukirudi leo au usirudi, siku ya kilio inaweza kuanguka siku ya giza. Kanisa lao liko na jenereta. Mimi niko na ulimi.

2 Desemba

Nimerudisha sanduku kwa Laure. Amecheka mpaka amekaa juu ya pasi.

"Ile ndogo iko wapi?"

"Iliisha kuenda, papa. Kijana moya wa Kakontwe aliibeba."

"Nirudishie baiskeli."

"Nayo iliisha kuenda."

Tumegombana vizuri, kama watu wanaopendana. Mwisho tumepatana hivi: anapokea sanduku, na mimi ninakaa kibandani kila asubuhi kuita wanunuzi na kuwajaribishia vinanda, maana nina kinywa na yeye ana wateja wenye haya. Ikija mashini ndogo nyingine, ni yangu.

"Na musitukane bateja yangu."

"Hata kidogo?"

"Kidogo tu."

9 Desemba

Kazi hii ni tamu. Nimeuza pasi kwa mtu aliyekuja kuuliza njia.

13 Desemba

Leo umeme umerudi, nimejaribu kinanda cha meno ya njano. Kina mitindo ya ngoma imepangwa mbele, unabonyeza, inakimbia yenyewe: rumba, bolero, kitu kinaitwa polka ambacho kinaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikasema, basi nitatafuta unaofanana na wetu. Hakuna. Yote inatembea kwa nne, nne, nne, kama askari siku ya uhuru. Ngoma ya kumaliza kilio inatembea kwa tatu ndani ya mbili. Inachechemea kwa makusudi, maana anayechezewa hayuko tena, kuna mguu mmoja unakosekana. Huwezi kuigeuza ndani ya kinanda kile. Mtindo waliokupangia ndio huo, ukipenda cheza, usipopenda kaa.

Nimemuuliza Laure: iko mashini ambayo mtu anapanga mwenyewe, na anakata mstari pale anapotaka? Amesema ziko, lazima kuuliza. Nyingi za bei ya chini zina vifungo kumi na sita kwa mstari, kuna zinazokubali uwaambie "simama kwa cha kumi na mbili", kuna zinazokataa.

"Ile kidogo ya mifupa ilikuwa inakubali?"

"Ilikuwa inakubali, papa."

Nimekwenda kununua karanga.

25 Desemba

Noeli. Chérie amechinja bata. Albertine, mjane wa Casimir, amekuja kula na nguo yake nyeusi iliyopauka kwa mvua. Kila mtu mezani alimwambia pole. Pole, mama. Pole, vumilia. Nikaona uso wake unafungwa kidogo kidogo kama duka.

Nikasema: "Mama Albertine, ule mafupa yote. Bwana yako alikuwa analamba sahani mpaka mbwa wetu walimushitaki kwa chef de quartier, mukubwa ya mutaa."

Chérie aliniuma kwa macho. Albertine akaweka mfupa chini, akacheka, akacheka, machozi yakamtoka.

"Dodo, mushenzi weye! Toka afe, hakuna muntu ananitukania Casimir. Banasema pole, pole, pole. Minaonekana kama njo minye nilikufa."

"Elie anasema ekipe ya kanisa itapiga."

Akauchukua tena mfupa. Baadaye: "Elie njo analipa chakula, analipa maturubai. Minye nitasema nini? Lakini usimuone mubaya. Anaogopa. Baba yake, bantu balimucheka sana."

"Tulimucheka juu tulimupenda!"

"Ye alikuwa mutoto. Alisikia tu kicheko."

Hilo sikulijua. Nimelala nalo, na bata.

8 Januari

Mvua. Wateja hakuna. Laure amenifundisha kusoma kitabu cha sintetiza, mashini ya kutengeneza sauti, yeye anasoma Kifaransa, mimi ninauliza maswali ya kijinga.

19 Januari

Imekuja! Mzigo umeingia kutoka Lubumbashi, na ndani, chini ya mashini ya kukausha nywele, kisintetiza kidogo kama kitabu cha nyimbo. Vifungo vya kuzungusha, kipaza sauti kama kifuniko cha kopo, na mgongoni nyumba ya mawe ya redio. Mawe, si waya! Nimekipima kwa mkono, hakina uzito hata wa panya. Nikakichukua upesi kabla mkono haujabadili mawazo.

"Haina ngoma ndani," Laure akaniambia. "Hii ni sauti tupu tu. Ngoma muntu anaitengeneza ye mwenyewe."

"Njo hiyo."

"Na inakata mustari. Niliisha kuangalia."

Nikambusu mkono. Akaupangusa kwa kitenge.

20 Januari

Ngoma ni nini? Leo nimejua, na umri wangu huu. Ngoma ni sauti inayoanguka. Unatwaa sauti ya chini, ya mviringo, kama mtu anayenung'unika ndani ya pipa, halafu unaiambia ianzie juu kidogo na iteleze upesi. Ikiteleza polepole inakuwa mlevi. Ikiteleza haraka inakuwa ngozi. Halafu kifungo cha kukata: ukikata mapema, ngoma kavu, ya wakati wa baridi. Ukichelewa, ngozi iliyokunywa mvua. Halafu unatia upepo kidogo, ile shhh ya mchele, kwa mwanzo tu, na hapo unasikia kidole.

Zile zilizokuwa na ngoma tayari ndani, ngoma hizo zilipigwa na mtu mwingine, kwa nchi nyingine, na mikono yake miwili mizima. Hii haina mtu. Inangoja.

27 Januari

Nimepanga mkono wa kulia, wa kushoto, kengele, njuga. Yote. Inapiga kilio kizima peke yake. Nikamwita Chérie asikilize. Amesikiliza kichwa upande.

"Ni muzuri, papa."

"Lakini?"

"Lakini ninyi muko fasi gani? Yenyewe inatumika kazi, ninyi munaikaa tu. Afadhali tuitume yenyewe na teksi."

Nimemwambia bata wa Noeli alikuwa mgumu.

28 Januari

Sijaongea na Chérie.

29 Januari

Chérie ana haki. Nimeandika, sitasema.

30 Januari

Nimefuta kengele. Nimefuta njuga. Mwisho nimefuta mkono wa kulia. Ikabaki mapigo machache tu, ya chini, yanayochechemea, yanajibu mtu asiyeuliza. Nikavuta ngoma yangu ya zamani kutoka nyuma ya mlango, nikaiweka karibu na moto mpaka ngozi ikakaza, nikauliza na mkono wangu wa kulia.

Ikajibu.

Sitaandika zaidi leo.

6 Februari

Elie amekuja. Alinikuta katikati ya kupiga, akasimama mlangoni, koti linatiririka. Nilipomaliza akasema: "Ni ile ya kilio."

"Ni ile."

"Papa, ninaomba. Siku ile patakuwa bachungaji. Patakuwa bakubwa yangu ya kazi. Musikuye na mambo ya kumutukana baba. Alichekwa ya kutosha."

Aliongea kwa sauti ya chini, na nikamwona, si shemasi, mtoto aliyesimama nyuma ya mlango akisikia wanaume wanamcheka baba yake.

"Elie. Baba yako aliniita jina gani?"

"Sijui, papa."

"Unajua. Sema."

Akaangalia chini. "Siwezi kuitamuka mbele ya muzee."

"Njo pale ugonjwa yako iko. Alinitukana kila asubuhi, miaka yote ile, mbele ya kiwanda kizima. Uliwahi kuniona ninalia?"

"Musikuye na mashini, papa. Tafadhali."

"Nitakuya. Mulango ukifungwa nitapita juu ya ukuta, na kama nitaanguka, mutafanya matanga mbili kwa maturubai moya. Itakuwa bei ya muzuri."

Akainama. Akaenda. Mlango, polepole tena. Huyu mtoto atanimaliza.

10 Februari

Mawe mapya. Nimeyaficha ndani ya soksi, Chérie asiyaweke kwa tochi.

14 Februari

Umeme umekatika tangu jana. Mvua asubuhi, kisha jua la uongo, kisha mvua. Nimevaa koti la kiwanda. Chérie amebeba ngoma, mimi kisintetiza ndani ya shati, kwa tumbo, kama mtoto wa kuiba.

Lupango la Casimir lilikuwa limejaa. Maturubai, viti, wachungaji watatu wamekaa mbele kama meno. Ekipe ya kanisa na vipaza sauti virefu kuliko mimi, jenereta inanguruma. Wimbo wa pole. Watu wamekaa mikono magotini. Albertine katikati, ameisha kuvaa kitenge kipya cha bluu, na uso uleule wa duka lililofungwa.

Vijana wa mlango wakaniambia: "Papa, mukae huku nyuma."

Nikalala chini. Ndiyo, matopeni, mlangoni penyewe, pale sahani za chakula zinapopita. Mtani akilala mlangoni hakuna mtu anayemruka. Hata mchungaji anajua, maana hata mchungaji ana bibi aliyemlea. Wamama wa sahani wakasimama. Mmoja akaanza kucheka. Mwingine: "Mbuzi amekuya! Mbuzi iko inaziba njia!" Wazee wa kiwanda wakaanza kupiga vigelegele, wanaume wazima.

Elie akafika mbio. "Papa, mutoke. Mutagonjwa."

"Nikomboe."

"Munataka nini? Kuku?"

"Nataka waya ile ya kipaza sauti. Nimeikamata. Kwa utani, kintu mbuzi anashika siku ya leo ni ya mbuzi."

Kijana wa kinanda akamwangalia Elie. Elie akawaangalia wachungaji. Na hapo Albertine akasimama, na kitenge chake kipya.

"Elie. Kilio ni ya nani?"

"Ni yenu, mama."

"Basi umupe mbuzi waya. Chakula inapoa."

Akanipa. Sijawahi kuona mtu akitoa waya kwa uchungu kama ule, ungesema utumbo.

Nikachomeka. Nikabonyeza. Na kutoka vipaza vile virefu ukatoka mkono wangu wa kushoto, mkubwa kama nyumba, unachechemea. Watu wakageuka kutafuta ni nani anayepiga. Nikakaa juu ya kiti, Chérie akaniwekea ngoma kati ya magoti, nikauliza na wa kulia. Wa kushoto ukajibu. Nikauliza tena.

Wamama waliacha sahani. Albertine alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani.

Nikaanza: "Casimir! Chui bila meno! Ulikata sabuni kwa uzi, kipande cha wiki, na bado ulinuka! Ulinikopesha koleo, ukanifuata kulidai mpaka chooni! Sasa umekwenda kule, naomba Mungu afunge kabati!" Kila mstari watu waliupokea, na kushoto uliupigia muhuri. Mchungaji mmoja aliinama kufunga kiatu kisicho na kamba.

Elie alikuwa amesimama kando ya jenereta, mikono ndani ya mifuko, mvua inamtiririka. Nikamwona anazuia shavu lisiruke. Basi nikamgeukia yeye.

"Na mutoto wako, Casimir! Umetuachia chui gani huyu? Anasema jambo yenu kama anauza bima! Ni chui ao ni kuku wa mayai?"

Watu wakageuza vichwa. Mashini tu. Elie akatembea, akamnyang'anya kijana wa kanisa kipaza cha mkononi.

"Mbuzi!" Sauti yake ilivunjika, akaanza upya. "Mbuzi ya kuoza! Munasema mukono yake ilipatwa na ugonjwa? Uongo! Mukono ilikimbia harufu ya kwapa! Na ule wa kuume utafuata, unangoja tu nauli!"

Lupango lote likalipuka. Mzee mmoja wa kiwanda alianguka na kiti chake. Ilikuwa sauti ya Casimir, pumzi ya Casimir, lile tusi la kwapa lenyewe lilikuwa la Casimir, alinitupia juu ya mabafu mara ngapi sijui. Nilipoteza pigo. Mashini haikupoteza, ilinisubiri pale pale, nikarudi.

"Rudia!" nikamlilia. "Rudia, kuku!"

Akarudia. Akaongeza la miguu.

15 Februari

Yenga. Mwili wote unauma, tope bado masikioni. Nikitoka misa Elie alikuwa anapita upande wa pili wa barabara kwenda kwa kanisa lake, Biblia kwapani, viatu vinang'aa.

Hakusema jambo yenu. Alisema, kwa nguvu, mbele ya parokia nzima: "Mbuzi! Haujakufa bado?"

Nimemrushia sandali. Nimemkosa.